Mwaka Ule Kuku Walipokula Usipa

Pembe za madume zikigongana hazilii kama mbao. Zinalia kama jiwe lililotupwa ndani ya debe tupu, na ukishazisikia mara moja huwezi kuzisahau hata uwe kikongwe kama mimi. Nilizisikia nikiwa na miaka minane hivi, mvua zimeujaza mpunga maji mpaka magotini, kwetu kule kati ya Mwaya na mto Mbaka. Dume jeusi la baba yangu, ambaye kwa Kinyakyusa tulimwita tata, lilikutana na dume la jirani mmoja aliyehamia kutoka Ngana. Yalipigana kuanzia jua linachomoza, watu wakaacha majembe wakaja kutazama. Harufu ilikuwa ya matope na mkojo wa ng'ombe na mpunga mbichi uliopondwa. Jirani alilia yatenganishwe. Tata alisimama kwenye tuta na fimbo yake ya ng'ombe, akasema atakayesogea atapigwa yeye. Basi likapasuliwa lile dume la Ngana, matumbo yakatoka yakaburuzika majini, nalo bado linajaribu kusimama. Tata alicheka mpaka akakaa chini.

Nyama iligawanywa palepale. Ini na mafuta ya kifuani walichukua tata na wenzake wa rika lake, maana kwetu wanaume wa rika moja walikula pamoja, leo kwa huyu kesho kwa yule. Wanawake walipewa utumbo. Sisi watoto tulipewa maji yaliyochemshiwa kwato, na nakumbuka yalikuwa matamu sana, nisiseme uongo. Mdogo wangu Lusajo alikuwa mgongoni kwangu ananyonya kipande cha mfupa, anacheka, ana meno manne. Jirani alikuwa akirudia neno moja tu: dume langu limelishwa kitu, dume langu limelishwa kitu. Nikadhani tata atamcheka tena. Hakumcheka. Alimtazama kama mtu aliyesikia jambo la akili, akamwambia, "Kweli. Mtafute aliyelilisha. Kitu hakiwezi kuanguka chenyewe." Dume lilishindwa kwa sababu lilikuwa jembamba na lilitoka safari ya mbali bila majani ya kutosha, hata mimi mtoto niliona mbavu zake. Lakini tata alikuwa mtu wa kutafuta aliyefanya. Ndiyo maana nimeanza na ng'ombe, msinione nimepotea njia.

Baada ya mavuno mama alipata jipu kwenye ziwa. Lilivimba likapasuka, na ziwa la pili nalo maziwa yakakatika. Lusajo akaachishwa kunyonya siku hiyohiyo, hajafikisha hata mwaka na nusu. Chakula chake kikawa ndizi za kupondwa asubuhi, ndizi za kupondwa jioni, na maji ya wali katikati. Sisi tulikuwa watu wenye chakula, jamani. Ndizi zilikuwa zinaozea shambani, mchele wa Kyela mnaujua. Kila siku ya soko alikuja mvuvi mmoja Mkisi kutoka upande wa Matema, jina lake Yona, mtu mrefu mwenye mdomo wa maneno mengi, na kapu la usipa mkavu kichwani. Usipa ni dagaa wetu wa ziwani. Ulipikwa kwa mawese mpaka harufu ikafika barabarani, halafu bakuli lote lilikwenda kwa wanaume. Mama na bibi walichovya mchuzi uliobaki. Mtoto mdogo hakugusa kabisa. Bibi, mama yake tata, alishikilia kwamba mtoto akila samaki kabla hajasema atakuwa bubu, kwa kuwa samaki hana sauti, na akila yai atakuwa mwizi. Mayai tulikuwa nayo, chini ya kitanda cha bibi, kuku wanaatamia.

Mimi ndiye niliyembeba Lusajo kutwa. Mgongo wangu ndio uliokuwa mizani. Nikaona anazidi kuwa mzito, nikafurahi sana. Mashavu yalijaa, miguu ikawa minene inang'aa, mikono imejikunja kwenye kifundo kama ya mtoto wa tajiri. Wanawake kisimani walisema, "Sekela, huyo mdogo wako mnamlisha nini?" Tata alimnyanyua mbele ya wenzake akasema, "Tazameni mtoto wa kiume, amenenepa kuliko ndama." Wote tuliamini hivyo. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza mbona mtoto aliyenenepa hachezi, hachekeshwi, ukimweka chini anabaki palepale kama mtungi. Siku moja nilikuwa namwosha miguu, kidole gumba changu kikazama mguuni kwake, juu ya vidole, na nilipokitoa shimo likabaki. Nikalitazama lile shimo kwa muda mrefu. Nikaliziba kwa kitambaa nisigombezwe, nikidhani nimemtoboa.

Kisha nywele zikawa nyekundu, zinang'oka kwenye kitana bila kuuma. Ngozi ya mapaja ikapasuka na kuchubuka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Bibi akaja, akainua shati la mtoto, akalishusha. Akasema neno moja lililobomoa nyumba yetu: "Huyu kabemendwa."

Wasiojua niwaeleze. Watu waliamini, na wengine wanaamini hadi leo wakijifanya hawaamini, kwamba mama mwenye mtoto mchanga akilala na mwanaume wa nje, jasho la yule mwanaume linamharibu mtoto. Ndiko kubemenda. Kwa hiyo ugonjwa wa mtoto ulikuwa ushahidi, na mshtakiwa alikuwa mama. Tata hakuuliza kama kuna mtu. Aliuliza ni nani.

Alimpiga siku ya kwanza kwa mkono. Siku ya pili kwa ile fimbo ya ng'ombe, mchana kweupe, mlango wazi, majirani wanapita na majembe wakiangalia upande wa pili. Mama alisema, "Baba Sekela, sina mtu, naapa, sina mtu." Tata alikuwa anahema kama anayepasua kuni. "Mtaje, gwe mwanamke, mtaje nimponye mtoto wangu." Maana bibi alikuwa amesema bila jina hakuna dawa, mganga wa mitishamba lazima amwoshe mtoto akilitaja jina. Hapo niseme ukweli ambao ulinichukua miaka mingi kuukubali: tata alimpenda Lusajo. Alipiga huku analia. Siku ya tatu mama akatema meno mawili kwenye kiganja, akayaangalia, na wakati huohuo huko nje Yona alikuwa anapita na kapu lake anatangaza samaki kwa sauti yake ya juu. Mama akasema, "Yona." Hakuwahi kukaa naye hata kwenye kigoda kimoja. Ilikuwa sauti ya kwanza ya mwanaume aliyoisikia, akaishika kama mtu anayezama.

Yona akaingia uani mwenyewe, hajui lolote. Alisalimia kama kawaida, "Mugonile, wakwe zangu! Leo usipa wangu mnono, hata bibi mwenye pengo atautafuna." Tata na wenzake watatu walikuwa wameketi. Wakainuka pamoja. Sitaandika yote. Walimwangusha kwa kapu lake mwenyewe, wakampiga mateke ya mbavu, mmoja akaweka mkono wa Yona juu ya kinu na tata akauvunja kwa mchi. Yona alikuwa anauliza tu, "Nimefanya nini? Jamani, nimefanya nini?" Nilisikia mfupa. Ulilia kidogo kuliko pembe.

Usipa ulitapakaa uani kote, unang'aa kwenye matope kama vipande vya bati. Lusajo alikuwa amekaa katikati yake nilipomwacha, miguu imevimba, macho mazito. Usipa ulimwangukia hadi mapajani. Kuku wakaja wote wa mji, wakadonoa kwenye damu na kwenye matope, jogoo mmoja akadonoa juu ya paja lake. Hakunyoosha mkono. Aliwatazama tu wakila. Nimeona mambo mengi, nimezika mume na watoto wawili, lakini nikifumba macho naona kuku wanakula usipa na mdogo wangu anatazama.

Walipomburuta Yona kumtupa barabarani, mama alinishika mkono. Alimfunga Lusajo mgongoni kwa khanga, tukapita nyuma ya migomba, hatukuchukua hata sufuria. Tulitembea kutwa nzima hadi hospitali, mvua inanyesha, mama anatema damu kila tulipovuka mfereji.

Hospitali ile ilikuwa ndogo, na wodi ya watoto ilisimamiwa na muuguzi aliyeletwa kutoka Tanga, mwanamke mfupi wa Kiislamu mwenye ushungi mweupe, tulimwita Mama Mwanaidi. Hakumuuliza mama nani. Aliuliza, "Anakula nini?" Mama akataja ndizi. "Na nini?" Wali. "Na nini tena, mwanangu?" Mama akarudia ndizi. Mama Mwanaidi akasema, "Haya, nimeshamjua mchawi." Mama aliposikia mchawi akamkumbatia mtoto akarudi nyuma, ikabidi abembelezwe.

Hawakumpa chakula kingi. Hilo lilinishangaza. Maziwa, sukari na mafuta kidogo vimechanganywa, kijiko kimoja kimoja, usiku na mchana. Kwenye kitanda cha jirani alikuwapo mtoto kama yeye, mjomba wake akamwonea huruma akamlisha sahani nzima ya wali na nyama kwa siri. Alikufa asubuhi yake. Mama Mwanaidi alimfokea yule mjomba hadi sauti ikamkauka, kisha akaenda kulia nyuma ya jiko. Alinieleza mimi, kwa kuwa nilikuwa nakaa miguuni pake akisuka mkeka wake, kwamba mwili uliokaa na njaa ya namna hii umezima mioto yake mingi ili usife, ukiuwashia yote kwa pamoja moyo unashindwa.

Siku ya tano tata akaja. Alikuja na fimbo. Alitaka kumchukua mtoto ampeleke kwa mganga, jina si limepatikana. Mama alijibana ukutani. Mama Mwanaidi akasimama mlangoni na mkeka wake mkononi, kichwa chake kinamfikia tata kifuani.

"Karibu, Baba Lusajo. Fimbo hubaki nje."

"Mama, usinizuie. Mwanangu kuna mtu anamla."

"Kweli kuna anayemla. Njoo nikuonyeshe."

Akambonyeza Lusajo mguuni. Shimo likabaki. "Hii uliyoiita unene ni maji. Damu ya mtu ina kitu kinachoshika maji yasitoke kwenye mishipa, na kitu hicho hutengenezwa na chakula cha kujenga mwili: samaki, maharage, maziwa, yai. Ndizi na wali ni vyakula vizuri, vinampa joto na nguvu ya kutembea. Lakini havijengi, baba." Akauinua ule mkeka, akaanza kuufumua mbele ya macho yake, ukindu unaanguka sakafuni. "Mwili husukwa kila siku. Samaki akifika tumboni hufumuliwa ukindu mmoja mmoja, na mwili husukia nyama, ngozi, nywele, damu. Ukikosa ukindu mpya, unafanya nini? Unajifumua wenyewe. Umeanza na nywele zake. Ukaja ngozini. Sasa uko kwenye nyama ya mikono na ndani ya moyo. Anayemla mwanao ni yeye mwenyewe, hana kingine cha kula."

Tata alitazama ukindu sakafuni. Akasema, polepole, "Kwangu samaki wapo. Kila siku ya soko wapo."

"Wanaliwa na nani?"

Mama hakuthubutu. Mimi nilikuwa mtoto, niliulizwa swali nikajibu, au niseme sikuulizwa mimi lakini jibu nilikuwa nalo. Nikasema, "Na wewe, tata."

Ile fimbo haikuwa imebaki nje. Ilinipata juu ya jicho, na kovu lake ninalo, nyusi yangu ya kushoto imekatika katikati mpaka leo wajukuu wanaigusa kwa vidole. Damu ilinifunika jicho. Nilipoweza kuona tena, Mama Mwanaidi alikuwa ameishika fimbo kwa mikono miwili, tata ameiachia.

Hakuondoka. Alikaa kwenye baraza ya wodi siku nyingi, anatazama kijiko kikipanda na kushuka. Maji yalipomtoka Lusajo, alibaki mifupa, uso wa mzee. Tata akapiga kelele, "Mmemuua! Alikuwa amejaa!" Mama Mwanaidi akamjibu bila kugeuka, "Sasa ndiyo unamwona mwanao alivyo. Yule mwingine alikuwa kiriba cha maji." Baada ya hapo njaa ilimrudia mtoto, na siku alipolia kwa kugombea kijiko wauguzi walipiga vigelegele. Wakaanza kumtilia kwenye uji unga wa usipa uliotwangwa. Nikauliza unatoka wapi. Mama Mwanaidi akanyoosha kidole wodi ya wanaume. Yona alikuwa ameokotwa barabarani akalazwa humohumo, mkono umefungwa vipande vya mbao, na mke wake, mfinyanzi wa vyungu, alimletea samaki kila baada ya siku mbili. Yona alikuwa anamega nusu. Aliambiwa ni wa mtoto gani. Alisema, "Mtoto hakunivunja mkono. Mpeni." Tata alikuwa anasikia. Aliangalia bakuli la uji, akaangalia wodi ile ng'ambo ya majani, mita kama thelathini hivi. Hakuvuka. Nilitamani avuke. Nimeishi maisha yangu yote nikitamani avuke yale majani.

Siku hizi kliniki iko karibu, ninafika kwa kutembea nikipumzika mara mbili. Watoto wananing'inizwa kwenye mizani, wanapimwa mkono kwa utepe wenye rangi, na wasichana wauguzi wanataja protini na vitamini kama majina ya wajomba zao. Ugonjwa wa Lusajo wanauita unyafuzi. Nilijifunza kuliandika neno hilo ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, nilipoacha shule nilikuwa darasa la pili. Kijiji chetu sasa kinanuka kakao iliyovundikwa, watu wana nyumba za bati, na vitukuu vyangu vinakula mayai wala havijawa wezi, isipokuwa mmoja anaiba sukari. Hata hivyo, mwezi uliopita nilimsikia kijana mwenye simu kubwa akisema juu ya mtoto wa jirani, kwa sauti ya chini, kabemendwa huyo. Nikamwita, tukaenda wote kwa huyo jirani. Nikambonyeza yule mtoto mguuni kwa kidole gumba, mbele ya baba yake, nikamwonyesha shimo, na huyo baba nikamshika shati mpaka vifungo viwili vikakatika, mwanamke wa umri wangu. Nikamwambia usimguse mkeo, lete samaki. Alileta. Nilikaa palepale hadi mtoto akala. Nikautazama mkono wangu uliokamata shati, nikautambua, ni mkono wa tata.

Tulirudi nyumbani mpunga mpya ukiwa umechipua. Lusajo alitembea mwenyewe kutoka barabarani, hatua kumi na moja, akaanguka, akainuka. Hakuna aliyemwomba mama msamaha. Bibi alimpokea khanga ya kubebea mtoto tu, akasema "ndaga", yaani asante, hata sijui ya nini. Mchana ule wenzake tata wakaja kula kama zamani, wakaketi, na mama kwa pengo lake akaleta ndizi na bakuli la usipa akaliweka mbele yao, kama zamani. Tata akanyoosha mkono. Mkono ukakaa hewani juu ya bakuli. Mmoja wao akacheka, "Vipi, mwenzetu, hospitali wamekufundisha kusali?" Wengine wakacheka pia. Tata hakucheka. Akalichukua bakuli, akainuka, akavuka ua palepale penye kinu, akaliweka chini katikati ya miguu ya Lusajo. Akamfukuza kuku mmoja kwa mguu. Akamtazama mama. Fimbo yake ilikuwa imeegemea ukuta, akaipita. Akatoka kwa njia ya migomba akielekea Njisi, kwenye mpaka wa Malawi, mikono mitupu, mwendo wa mtu anayekwenda kutazama maji shambani. Mama akapiga magoti, akamtoa samaki mmoja kichwa, akamlisha Lusajo, kisha akaweka mmoja mdomoni mwake mwenyewe, akatafuna kwa upande wenye meno, anatazama mgongo wa tata ukipungua kati ya majani. Hakugeuka, na hakurudi tena.